Maneno ya Rasoa Niliyoyapunguza

Nyinyi vijana mkija hapa kwangu kuniuliza habari za ukalimani, najua mnataka niwachekeshe. Ya kuchekesha ninayo. Nilisimama kati ya wazungu na watu wetu katika koti ya Eldoret tangu enzi zile ambazo watu wengi walikuwa bado wanauita mji huu Sikisti Foo, na mtu akisimama pale hakosi vichekesho. Lakini nimesikia mmoja wenu anaanza kazi kotini mwezi huu. Huyo sitaki aondoke hapa na vicheko peke yake.

Basi tucheke kwanza. Kulikuwa na kibarua mmoja, mtu wa Kabras, aliyeshtakiwa kwa kutoroka kazi. Tajiri wake alikuwa Kaburu, mtu mrefu ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha maneno kama ishirini hivi, na yote aliyasema kwa kelele. Akaapa kwamba huyu mtu aliacha ng'ombe na plau katikati ya shamba akapotea wiki tatu. Hakimu akaniambia nimuulize mshtakiwa kwa nini alitoroka.

"Sikutoroka," akasema yule kibarua. "Bwana alikuja amekasirika, akanipigia kelele, 'Kwenda! Kwenda!' Nikaenda."

"Ulienda wapi?"

"Nyumbani. Si ndiye alisema niende?"

Kaburu alikuwa na maana ya kwamba akazane na kazi. Hakimu alijifunika uso kwa karatasi, mabega yakitikisika, na kesi ikaishia hapo. Yule mtu aliporudi shambani, nasikia Kaburu hakumwambia "kwenda" tena mpaka alipouza shamba lile.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Zakayo, mkalimani wa kwanza niliyemkuta pale boma, kwenye ofisi za serikali. Hakuwa amesoma sana, lakini alijua lugha sita na hakuogopa mtu. Aliniambia nisimame karibu na yule anayesema, si karibu na mkubwa. Nimtazame mdomo. Nisiposikia nimwombe arudie, hata kama hakimu anagongagonga meza kwa kalamu. Neno likinishinda niseme limenishinda, nisitafute lingine la kujazia. Na shahidi akimtukana mzungu, nilitoe tusi lile kama lilivyo.

"Wewe hujatukana," alikuwa akiniambia. "Aliyetukana ni yule pale. Wewe umesema tu."

Hilo la mwisho ndilo lililonishinda. Nililelewa misheni, nikafundishwa adabu, na nilikuwa nimejifunza kulainisha maneno. Mtu akisema "Huyu bwana ni mwizi," mimi nilisema kwa Kiingereza kwamba shahidi hakubaliani na bwana. Wakubwa walinipenda. Walisema Jafeti ana adabu, anafanya mambo yaende haraka. Mzee Zakayo alipostaafu akaenda kulima kule Yamumbi, mimi ndiye niliyepewa meza yake.

Siku za kawaida, kama hakuna koti, nilikaa na DO, afisa wa tarafa wa kizungu, kwenye ofisi ndogo ya mashauri. Watu walipanga foleni nje tangu asubuhi: huyu amenyang'anywa ndama, yule kipande chake cha kazi kimeraruka, mwingine ametoka mbali kwa jambo ambalo hata yeye haelewi vizuri. Walikuja na hasira, walikuja na harufu ya moshi na mvua, na kila mmoja alitaka aanze hadithi tangu kwa babu yake. DO aliyekuwepo wakati ule alikuwa kijana, ndio kwanza amefika kutoka kwao, na ilipokaribia saa saba alianza kuangalia saa ya ukutani.

Rasoa aliingia karibu na saa saba.

Mvua ilikuwa imepiga siku nzima iliyotangulia, na matope yalikuwa yamempanda mpaka magotini. Alikuwa ametembea kutoka shamba moja upande wa Kesses, amembeba mgongoni mtoto mdogo, Musa, na amemshika mkono msichana wa miaka kama saba, Berita. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Aliponisikia nikisalimia aligundua mara moja kwamba mimi ni Mmaragoli kama yeye, na uso wake ukabadilika. Sijasahau vile ulivyobadilika. Alimwacha DO kabisa, akaniangalia mimi.

"Ndugu yangu," akasema, "ashukuriwe Mungu nimekupata wewe."

Kisha akaniambia kwa lugha yetu, bila kulia, maneno haya: "Mume wangu ataniua. Si kwamba ananipiga, hata kupigwa nimezoea. Ataniua. Ameniambia siku, amesema sitakula mahindi haya yaliyo shambani. Amenipeleka nyuma ya boma la ng'ombe akanionyesha mahali atakaponizika, na mtoto huyu mkubwa alikuwepo. Mwambie mzungu anipe barua niende kwa mama yangu na watoto wangu, mume wangu asinifuate."

Nikamuuliza mume wake ni nani. Akasema Nathani.

Nathani nilimfahamu. Alikuwa dereva wa trakta, mtu wa kazi, na Jumapili alipokuja mjini alisimama mbele kanisani kuongoza nyimbo kwa sauti ambayo ilifanya hata wazee wanyamaze. Nilikuwa nimekula naye. Nikamtazama DO, naye alikuwa anatazama saa.

Nawaeleza nilichofikiri, maana mtu akikosea kazini lazima aseme alikosea namna gani. Kwanza, nilifikiri watu husema hivyo. Mama akichokozwa na mtoto husema, "Huyu mtoto ataniua." Mtu akikosa chakula husema njaa inamuua. Nikajiambia ni uchungu tu unaosema. Lakini hilo silo lililokuwa kubwa, maana mtu asemaye kwa uchungu haonyeshwi kaburi. Kubwa ni kwamba niliona aibu. Pale mbele ya kijana wa kizungu aliyefika juzi, sikutaka kutamka kwa mdomo wangu kwamba mtu wa kwetu, Mkristo, mwimbaji, amemwonyesha mke wake mahali pa kumzika. Nilijua ofisini wangelisema wakati wa chai. Nilitaka kuwakinga watu wetu wasiitwe wanyama.

Basi nikamgeukia DO nikasema, "Bwana, analalamika kwamba mume wake humpiga, na anaomba ruhusa aende kwao."

Ndivyo yale yote yalivyogeuka. DO akasema mambo ya nyumbani ni ya wazee wao, lakini atamwandikia tajiri wa shamba amwonye huyo mume. Akaandika mistari mitatu, akaikunja, akanipa.

Rasoa aliiangalia ile karatasi. "Ndiyo barua ya kwenda kwa mama?"

"Ni ya kumpa tajiri wenu," nikamwambia. "Atamwonya."

"Umemwambia ataniua?"

"Nimemwambia, dada. Nenda tu, mambo yatakaa sawa."

Alisimama kidogo, kama mtu anayehesabu kitu kichwani. Halafu akampandisha mtoto vizuri mgongoni, akamshika Berita, akatoka. Mimi nikaenda kula.

Mambo yaliyofuata niliyapata kidogo kidogo, mengine kutoka kwa polisi, mengine kotini. Rasoa alimpa tajiri ile barua, kwa sababu alikuwa mtu wa kufuata alichoambiwa. Tajiri, mzungu mmoja mzee asiye na mke, alimwita Nathani kwenye baraza ya nyumba, akamsomea, akamwambia awache kelele za kambi ya vibarua. Basi. Nathani akajua kwamba mke wake amekwenda boma. Kwa wiki mbili hakumgusa, majirani wakasema barua imefanya kazi. Jumapili ya tatu walitoka kwenye ibada ya shamba, alasiri, jua linawaka, watu wameketi nje. Akamwita ndani. Watu wa kambi walisikia, na walikuwa wamezoea kusikia. Aliyetoka mbio kuita watu ni Berita, na walipofika Rasoa alikuwa amekwisha kufa. Nathani alikuwa ameketi mlangoni, nira ya ng'ombe imelala karibu na miguu yake. Hakukimbia.

Mahindi yalikuwa bado hayajavunwa.

Habari ilifika ofisini Jumatatu. Polisi mmoja aliniuliza kama namjua mtu huyo, nikasema ndiyo, twasali pamoja. Sikusema zaidi. Nilikaa na jambo hilo tumboni miezi yote ya kungoja kesi, na nilifanya kazi yangu kama kawaida, na watu waliendelea kunisifu. Mke wangu aliniuliza kwa nini nimeacha kula nyama. Nikamwambia ni jino.

Jaji alikuja kwa treni, kama walivyokuja siku zile, na koti ikakaa. Kando yake waliketi wazee watatu wa baraza wa kumsaidia. Nathani alikuwa amepewa wakili. Huyu alikuwa hodari. Hakukataa kwamba Nathani aliua, alisema tu hakukusudia: walikosana siku ile, hasira ikamshika, mkono ukapita kiasi. Watu wa kambi walikuja mmoja mmoja wakasema ndiyo, walikuwa wakigombana, lakini nani hagombani. Nilifasiri yote. Nilianza kuona kesi inaelekea wapi, na nakiri kwenu kwamba sehemu moja ya moyo wangu ilifurahi, maana kama ni hasira ya siku moja tu, basi hata mimi singeweza kuizuia.

Kisha akaitwa mama yake Rasoa. Jina lake lilikuwa Dorika. Mwanamke mfupi, mkavu, kitambaa cheupe kichwani, ametoka Maragoli kwa ajili ya siku hiyo. Nikasimama karibu naye kama nilivyofundishwa. Wakili wa serikali akauliza kama marehemu aliwahi kumshtaki mume wake mahali popote.

"Alikuja hapa," Dorika akasema. "Hapa hapa boma. Jirani yake alinifikishia habari. Alimwambia karani kwamba mume wake atamuua, amemwonyesha na kaburi. Huyo karani ni mtu wa lugha yetu. Muulizeni aliyaweka wapi maneno ya mtoto wangu."

Akanigeukia, akingoja nifasiri. Hakujua ni mimi.

Koti ilikuwa imejaa, na katika watu wote wale sikuona mwingine aliyeielewa lugha yetu ila Nathani, naye hangesema. Ningeweza kusema, "Aliwahi kulalamika hapa boma," nikaishia hapo. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni, yamelainishwa kabisa. Jaji aliinua kichwa. Nikamtazama yule mama mdomo wake, vile Mzee Zakayo alinifundisha, na midomo yake ilikuwa imekauka ikapasuka.

Nikayasema yote. Na kaburi, na mtu wa lugha yetu, na ule mwisho wa kuulizwa maneno yaliwekwa wapi.

Jaji akaandika. Kisha akauliza, "Karani huyo ni nani? Anajulikana?"

Swali hilo sikulifasiri. Nilijibu mwenyewe. "Ni mimi, bwana jaji."

Dorika, ambaye hakujua Kiingereza, alitazama nyuso za watu, halafu akanitazama mimi, na akajua bila kuambiwa. Alirudi nyuma hatua moja, kama unavyoondoka karibu na moto.

Kesi iliahirishwa, maana mkalimani hawezi kuwa shahidi na kuendelea kufasiri. Gari lilitumwa Yamumbi kumleta Mzee Zakayo. Kesho yake alikuja na koti lake la zamani lenye kola iliyochakaa, akasimama mahali pangu, nami nikasimama mahali pa mashahidi. Niliapishwa. Nilieleza maneno ya Rasoa yote, siku aliyotajiwa, mahali alipoonyeshwa, mtoto aliyekuwepo. Niliongea Kiingereza, na Zakayo akamgeuzia Nathani kila neno. Nilimsikia akiyasema nyuma yangu kidogo, taratibu, bila kuongeza wala kupunguza.

Wakili wa Nathani akasimama. "Kama ulisikia mambo mazito hivi, mbona hukumwambia afisa?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya watu wetu."

"Au unayatunga leo, na siku ile hayakusemwa?"

"Yalisemwa," nikamwambia. "Aliyasema yeye. Mimi ndiye sikuyasema."

Wakatuma askari na msaidizi mmoja kule shambani, Berita akawaonyesha nyuma ya boma la ng'ombe. Mahali pale palikuwa pameanza kuchimbwa, kina cha magoti, pakafunikwa na majani ya miti ya wato. Baada ya hapo wazee wa baraza hawakuchukua muda. Nathani alihukumiwa kifo, na Zakayo ndiye aliyemwambia kwa lugha yetu. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema, "Nilimpenda." Zakayo akalitoa hivyo hivyo kwa Kiingereza, sauti ile ile. Dorika hakugeuka kumwangalia.

Jioni ile Zakayo aliniambia neno moja tu kuhusu jambo hili. "Ungeliuliza," akasema. "Kama hukumwamini ungemuuliza yule mama, una maana atakuua kweli? Kuuliza si kazi?" Halafu akaomba chai.

Ofisini niliondolewa mezani. Niliwekwa kwenye stoo ya mafaili miezi kadhaa, na nilirudishwa si kwa kusamehewa, bali kwa sababu hawakupata mtu. Lakini kabla sijaenda stoo kulikuwa na jambo la watoto.

Berita na Musa walikuwa bado shambani kwa ndugu yake Nathani, na yule tajiri alisema wabaki, kwani Berita ameanza kuchuma maua ya pareto. DC, mkuu wa wilaya, akaandika barua kwamba bibi yao apewe watoto. Ilihitajika mtu wa kwenda naye, na Zakayo miguu ilikuwa inamsumbua. Nikajitolea. Dorika alikubali kwa sababu hakukuwa na mwingine. Njia nzima mpaka Kesses alitembea mbele yangu.

Tajiri alitupokea barazani. Alisoma barua, akasema watoto watapewa. Akaniambia nimweleze huyu mama kwamba anasikitika, kwamba hakujua lolote, kama angejua angechukua hatua.

Nikamwambia Dorika. Alipima kwa macho kutoka barazani mpaka nyumba za kambi. Hazikuwa mbali, tulikuwa tunasikia mwanamke akikoroga ugali.

"Mwambie anadanganya," akasema. "Alisikia."

Huyu alikuwa mzungu, kwenye baraza yake, na bunduki yake imening'inia ukutani nyuma ya kichwa chake. Nikasema, "Bwana, anasema unadanganya. Anasema ulisikia."

Uso ulimwiva mwekundu. Alisimama. Nikadhani sasa nitafukuzwa na mbwa. Alibaki amesimama, ameshika kiti, na damu ile ikashuka usoni pole pole mpaka akawa mzee tu.

"Mwambie," akasema, "kila nikisikia, nilikuwa nafunga dirisha."

Nikamwambia Dorika. Akaitikia kwa kichwa mara moja, akashuka ngazi kwenda kuwaita wajukuu zake.

Niliwasindikiza mpaka stesheni. Musa alikuwa amelala mgongoni kwa bibi yake, Berita amebeba kikapu. Treni ilipofika nikanyoosha mkono nimuage yule mama. Hakuupokea. Wala hakunitukana, ingawa nilitamani anitukane.

"Kijana," akaniuliza, "watakurudisha kwa ile meza?"

"Sijui, mama. Pengine."

"Wanawake wengine watakuja." Alimpandisha Berita ndani kwanza, kisha yeye. Akainama mlangoni ili nisikie vizuri, maana injini ilikuwa inapiga kelele. "Wakija, usimchagulie mzungu la kusikia."